Saule si sol

Papa Abigaël,

Mtaalamu wa miti anakuja leo saa nane mchana. Chakula chako, ndondo, kiko kwenye sufuria ya bluu. Kula kabla hajafika, maana ukiwa na njaa unaongea sana.

Benki walipiga simu asubuhi, wewe umelala baada ya zamu ya usiku. Mkopo wa nyumba wameusimamisha mpaka huyo mtaalamu auone mti. Kwenye fomu yao imeandikwa kwamba mti umegusa ukuta, na mizizi yake inaweza kupasua msingi. Nikauliza ni nani aliwaambia hivyo. "Mume wako, madame."

Bon. Walikuuliza saule, ule mti wetu wa matawi yanayoinama, uko umbali gani na nyumba. Wewe ukasikia sol, udongo. Ukawajibu, wamenisomea: "Inagusa nyumba pande zote, monsieur, na watoto wanachezea juu yake." Na wewe ulifundisha Kifaransa Bukavu miaka kumi na miwili.

Sikukuamsha kwa sababu ningekugombeza, na nyumba hii naitaka kuliko ugomvi. Nimepima mwenyewe: onze mètres, mita kumi na moja, toka ukuta wa jikoni hadi kwenye shina. Kamba nimeiacha pale chini, usiiguse.

~~Abigaël ndiye ajibu maswali.~~ Hapana, jibu wewe, ni nyumba yako. Lakini akitamka tu hilo neno, mpeleke bustanini, weka mkono kwenye mti, umuulize: "Huu?" Akikubali, ndipo ufungue mdomo.

Mama Abigaël