Maziwa Aliyotuma Mama

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi afya yako, na kazi za huko kwa mwajiri wako? Kaa chini kwanza ndipo usome. Mwanao yu hai, na sasa hivi yuko sakafuni anapanga vifuniko vya sufuria. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua.

Kwenye simu nilikuambia ana mafua. Nilikudanganya, nilikosa ujasiri. Bonge wetu, na mashavu yale ambayo jirani hapiti bila kuyafinya, alianza kuchoka. Akipanda ngazi mbili, anaketi. Nikasema amerithi uvivu wa shemeji yako, tukacheka. Kisha nikamkuta analamba chokaa ukutani, nikamfokea. Jumatatu akaanguka bafuni, midomo myeupe, moyo unamwenda mbio hadi fulana inatikisika.

Hospitalini, daktari alimfunua kope, akauliza mtoto anakula nini. Nikajibu kwa maringo kwamba huyu anashinda na maziwa ya kopo, mama yake anatuma. Akasema damu imemwishia, ndiyo maana hata chokaa alikuwa anailamba. Maziwa si sumu, akasema, ila hayana madini ya kutosha ya kutengeneza damu, na yakijaza tumbo chakula hakipati nafasi. Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Tulingoja damu roho zikiwa juu juu. Shemeji yako, anayeogopa hata sindano ya cherehani, ndiye aliyetoa.

Tukarudi na amri: maharage, maini, mboga za majani, na maziwa kidogo tu. Bonge akagoma. Akafumba mdomo, analilia kopo. Niliogopa tutamrudisha wodini, na kwa hasira nikamuuliza hayo maziwa yana nini. Akasema ni ya mama.

Hapo nikaweka kijiko chini. Tangu uondoke, kila kikombe nilimpa nikisema mama amekutumia, kunywa. Vyakula vingine vilikuwa vyangu tu. Kumbe mtoto alikuwa anakutafuta wewe.

Basi nikaosha kopo lako, nikalijaza maharage na maini yaliyopondwa, nikabisha mlango kama mgeni, nikamwambia mama ametuma. Alikula akamaliza, akalamba kijiko. Nililia jikoni.

Usijilaumu, dada, wala usiache kazi kwa hofu. Shemeji yako anakusalimu, na anatamba mtaa mzima kwa ile damu yake. Wasalimie wenzako wote. Na Jumapili ukipiga simu, mwanao atakushukuru kwa maharage. Tafadhali, mwitikie.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mdogo wa Bonge