Nusu Muhula

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa chama chetu cha mazingira, sebuleni kwetu. Wengine wamekaa sakafuni. Ajenda moja: mume wangu, diwani wetu pekee, ametimiza nusu ya muhula. Kanuni yetu inasema ampishe mwenzake, asije akanogewa na kiti. Anayefuata ni mwalimu wa baiolojia. Sawa. Lakini Alhamisi baraza linapiga kura kuhusu kinamasi – kifukiwe kijengwe stendi ya mabasi, au kiachwe. Nikasema tusubiri kura hiyo ipite kwanza. Wote wakakubali, isipokuwa Nesi mstaafu. Na kwetu mmoja akikataa, jambo halipiti. Nesi akasema leo tutasubiri kinamasi, kesho tutasubiri kingine, mwisho tutakuwa wale wale. Mume wangu akatabasamu lile tabasamu lake la kitakatifu, akasema Nesi amesema kweli. Nilitamani kumfinya.

Jumanne, 5 Machi

Amepeleka barua ya kujiuzulu. Meya kaipokea kwa mikono miwili, kamwagizia na chai. Chai! Mtu ambaye hajawahi hata kumwitikia salamu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu alikwenda kuapishwa, na suti niliyomshonea kwa haraka. Karudi nayo asubuhi ile ile, uso umemshuka. Katibu wa baraza kamwambia kiti cha diwani si kiti cha kinyozi, akiinuka huyu akae yule. Kinabaki wazi mpaka uchaguzi mdogo.

Sisi hatukujua. Kanuni za chama chetu tumezibishania mpaka nukta na mkato, na hakuna hata mmoja aliyefungua sheria ya baraza. Mume wangu akakimbia kuomba arudishiwe barua yake. Imeshagongwa muhuri.

Viongozi wetu wa jimbo wamepiga simu. Kutupongeza kwa uadilifu.

Alhamisi, 7 Machi

Kinamasi kimekwenda. Kwa kura moja. Mume wangu angekuwepo, kura zingelingana, na zikilingana hoja inaanguka. Tulikaa nyuma tukitazama kiti chake. Diwani wa pembeni alikuwa ameweka mkoba wake juu yake.

Jumamosi, 9 Machi

Greda na malori ya kifusi. Wameanza na upande wa chini. Pale pale mume wangu aliponitongoza – matope hadi magotini, gunia la chupa za plastiki katikati yetu. Mama alisema nimejipatia mwokota takataka, na nikajibu ndiyo, huyo huyo.

Vyura walikuwa wanavuka barabara, malori yanawapitia. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumpasha Nesi. Nikamkuta amepiga magoti, anawaokota mmoja mmoja kwenye ndoo, analia kimya kimya. Nikamshikia ndoo.

Mume wangu hakuja. Amelala kageukia ukutani.

Jumapili, 10 Machi

Hajala. Hajaongea. Nimelia bafuni, nikafungua bomba asinisikie. Halafu nikalifunga – mazoea ya kubana maji. Basi akanisikia. Hakuja.

Ijumaa, 15 Machi

Leo kaongea, na bora angenyamaza. Chama cha meya kinamtaka. Agombee uchaguzi mdogo kwa tiketi yao, kiti chake kile kile. Anasema upande wa juu wa kinamasi haujafukiwa bado, na akiwa ndani ataweza kuuokoa.

Nikamuuliza, na sisi je?

Akasema, "Sisi ni akina nani, mke wangu? Watu wa kujaa sebule tu."

Sauti ni yake. Maneno sijui kayatoa wapi. Huenda amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimempenda mtu huyu kwa kuwa hakubali kununuliwa, na sasa sijui nimpende kwa lipi.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu alipita asubuhi. Chama chetu kimemsimamisha yeye agombee, na anataka niwe meneja wake wa kampeni. Nilimwambia arudi saa kumi nimpe jibu.

Saa kumi kasoro, mume wangu kaingia na kitambaa. Rangi za chama cha meya. Ananiomba nimshonee shati la kuvaa kesho kwenye uzinduzi wa kampeni. Mafundi wamejaa mtaa mzima, na kaja kwangu. Nadhani anataka nikatae. Au anataka nikubali ili lawama tugawane. Sijui. Zamani nilikuwa najua.

Nimemwambia asimame, anyanyue mikono. Vipimo vyake navijua kwa kichwa, lakini nimempima tena. Amekonda kifuani. Nimeinama hapa mezani naandika haya, nimemwambia naandika vipimo.

Mwalimu anapiga hodi mlangoni. Mara ya pili sasa. Hakuna anayeitika.

Bado amenyanyua mikono. Ananiuliza mbona vipimo vyenyewe virefu hivi.