Nimesimama Mstari wa Barabara

Jumamosi. Mvua imetupiga tangu alfajiri, ikakatika baraza lilipoanza. Afadhali ingeendelea.

Daftari, nakuambia kabla sijaanza kujidanganya: leo nimesimama mstari wa barabara.

Mimi! Mimi niliyezunguka wiki nzima nikiwakaripia wajane wenzangu. Fedha hizi za ushuru zimekatwa kwenye kahawa yetu, nikawaambia, tudai kisima cha saruji, tuache kunywa na ng'ombe bondeni. Waliosita nikawaita waoga.

Karani kutoka Bukoba akatangaza kwamba safari hii wenyeji wataamua wenyewe, na mjane mwenye nyumba atahesabiwa. Nikatabasamu kama bibi harusi. Kisha akasema, wa kisima wasimame nyuma ya mzee wa kanisa. Wa barabara, ili lori la kahawa lifike bandarini Kemondo, wasimame nyuma ya mwenye ardhi.

Mchana kweupe. Kila mtu anaonekana.

Migomba yangu imo katika nyarubanja, ardhi ya bwana huyo tunayokaa kwa ridhaa yake. Mume wangu aliilima, na amezikwa humo humo. Lakini bwana akiudhika, natoka mimi, kaburi linabaki.

Akanitazama. "Mae, leo miguu imekuwa mizito?"

Watu wakacheka.

"Naja, Waitu, bwana wetu," nikajibu. Ulimi huu huu wa kukaripia watu!

Kokugonza, jirani yangu, mjane mdogo, alikwisha kusimama upande wa kisima. Naye yumo katika ardhi ileile. Nilimsuta siku tatu mpaka akakubali. Akanipungia mkono, maskini, akidhani uzee umenichanganya: "Mama, umepotea! Mstari wetu ni huku!"

Sikugeuka.

Barabara imeshinda. Nimemwona mwenye ardhi akiutazama mstari wa kisima, uso mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kwa Kokugonza alikawia.

Wasiniambie nilikuwa na hiari. Na wasiniambie sikuwa nayo, maana Kokugonza alikuwa na woga uleule, akasimama na kisima.

Mtungi umekauka; paa la nyasi halikingi maji ya mvua. Kesho, Jumapili au si Jumapili, lazima nishuke bondeni, na njia ni moja, inapita mlangoni kwa Kokugonza. Kila asubuhi hupiga magoti kuniamkia.

Kesho akipiga magoti, uso huu nitauweka wapi? Na asipopiga?