Viza Ninayo, Safari Siitaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinitukane kabla hujafika mwisho. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, nakaa na mama yangu hapa Gulele, Addis Ababa, natunza hesabu za duka la samani lililoko Denmark, kazi yote naifanyia chumbani kwenye kompyuta, na mwaka huu kwa kiherehere tu niliomba ile viza ya Morisi wanayopewa watu wanaofanya kazi kwa mtandao, nikaipata, na kabla sijapata hata muda wa kufikiri mama alishawatangazia majirani kwenye kahawa, wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo nyumba imejaa vifurushi, viungo vya berbere, unga wa shiro wa kupikia mchuzi, mikate ya injera iliyokaushwa, na mama mmoja kaniletea pilipili nimpelekee mwanawe aliye Kanada, nilipomwambia siendi Kanada akanijibu, "Si yote ng'ambo, mwanangu? Mtakutana tu."

Ndipo nikakaa nikapima. Mshahara ni uleule, viza yenyewe ni ya muda, hairuhusu kuajiriwa huko, na kodi ya nyumba na bima vitakula kile ninachomsaidia mama na kile ninachoweka ili mimi na rafiki yangu Tsigereda tufungue ofisi yetu hapahapa mjini, halafu nitajifungia peke yangu kwenye chumba cha watu nikitazama kompyuta ileile. Sasa niende kufanya nini? Sitaki, mshauri, wala siogopi ndege, sitaki tu, na sioni kwa nini kubaki kwetu kuitwe kushindwa. Lakini kaka yangu Dagmawi, anayeoa baada ya Pasaka, ameshapima chumba changu aone kama kitanda chao kitaenea, nami nilipomuuliza itakuwaje nikibaki, akacheka. "Ubaki? Watu watasema umerudishwa kutoka uwanja wa ndege." Nifanyeje?

Hirut, Gulele

Hirut mdogo wangu,

Pole kwa pilipili za Kanada. Umepima vizuri. Viza hiyo inaweza kumfaa mwenye kipato cha kumwacha apumue, au anayetamani kweli kuishi huko. Wewe huna hilo la kwanza wala la pili, na ulilijua kabla hujashika kalamu. Kwa hiyo hukuniandikia kuuliza kama uende. Umeniandikia ili nikusemee kwa mama yako, na kazi hiyo siifanyi.

Ukaidi wako wote umelimwagia gazeti. Mbele ya majirani unapokea unga na kushukuru, na kila kifurushi ulichopokea wao wamekihesabu kuwa ndiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, dada, na mshindo huo utamwangukia mama yako, aliyefurahi kwa nia njema.

Basi mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili. Atalia, mwache alie, ila usibadilishe neno. Kisha waite majirani, na kahawa ikaange wewe mwenyewe. Kikombe cha kwanza wanywe kwa raha zao. Kwenye cha pili sema: siendi, nimeamua, sikufukuzwa na mtu. Hakuna atakayethubutu kuinuka kabla ya kikombe cha tatu, kwa kuwa ndicho cha baraka, kwa hiyo watakunung'unikia papo hapo machoni pako, si vichochoroni. Baada ya hapo vifurushi virudishe kwa mkono wako, mlango kwa mlango.

Na chumba mpe Dagmawi. Ndiyo, mpe, wala usininunie. Mtu aliyekuwa tayari kulipa kodi Morisi hawezi kushindwa na kodi ya Gulele. Tafuta vyumba viwili, kimoja ulale, kingine mfungue hiyo ofisi na Tsigereda mwaka huuhuu. Kuhama nyumbani kwa mama hakuhitaji ndege.

Atakayekuuliza mbona hukufika ng'ambo, mkaribishe kwako, mkalishe kwenye kiti chako, mmiminie kahawa. Mwambie hapa ndipo ulipokuwa unakwenda.