Kipande cha Moyo wa Mosese

Melbourne, 3 Machi

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa niaba yangu na ya mjukuu wako Mosese, anayejikaza hapa wodini. Magoti yako je, unayachua?

Mama, usicheke. Walimkata kipande cha moyo, kidogo kama punje ya mchele, wakakiotesha kwenye uteute. Wanapiga sauti ambayo sikio halisikii, na zile chembe hai zinajipanga mistari kama viazi vikuu shambani kwako. Halafu sumaku inakivuta taratibu, kipate nguvu. Mwisho wanakimulika taa ya buluu. Kila ikikonyeza, kinadunda! Nimekiona kwa macho yangu. Baada ya wiki sita watamshonea pale moyo ulipopooza.

Jana kaniuliza, "Mama, moyo wangu unacheza disko bila mimi?" Miaka mitano, na mdomo ule!

Mwanao,
Kalolaine

Vava'u, 19 Machi

Kalolaine wangu,

Huku wazima, magoti tuyaache. Barua nimeisoma mara tatu, sijui umesomea udaktari au ni kukosa usingizi. Wifi yako Lupe anamsukia Mosese mkeka. Anasema yeye ndiye shangazi, na kwa mila yetu kauli juu ya mtoto ni yake, wasikate tena hata ukucha bila kumwambia. Nikamwambia, "Basi nenda ukamshone wewe, kwa sindano ya magunia!" Kacheka mpaka kakaa chini.

Kula, mwanangu.

Mama yako

Melbourne, 14 Aprili

Mama,

Leo usiniulize hali. Simu ya Jumatatu ulipokea wewe, sitarudia. Zilibaki siku nne tu ashonewe.

Mnauliza kwa nini siji na jeneza. Mama, kile kipande bado kinadunda. Kila asubuhi naenda kukitazama. Thuy, binti wa maabara, kasema nikitaka kumzika nacho atazima taa, anifungie. Nisipotaka, watakitunza, wajifunze kuwatibu watoto wengine. Alilia akiniambia, yule binti.

Najua Lupe anamtaka mtoto mzima, bila pengo. Lakini kukichukua ni kukizima. Mkono wangu haufiki kwenye ile swichi. Nifanyeje?

Mwanao

Vava'u, 22 Aprili

Mwanangu,

Pole haitoshi, lakini sina nyingine. Barua nimemsomea Lupe mbele ya watu wote. Alikuwa amekuja kugomba. Badala yake akauliza, "Kinadunda kweli?" Nikasema, ndivyo alivyoandika mama yake. Akauliza tena. Nikamjibu tena.

Akasema, "Hicho si cha kaburi. Alete aliyelala. Huyo aliye macho wamwache." Akawageukia wajomba: "Nani ana neno?" Wakainuka kwenda kuchimba kaburi.

Basi njoo. Usijikate nywele za msiba huko peke yako, mbele ya kioo cha watu. Nitazikata mimi, ukiwa umelaza kichwa mapajani pangu.

Mama yako