Baba Kamfungia Mfalme Lango

Chumba cha cherehani, nyumbani,
Jumapili asubuhi

Mpendwa kaka,

U mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila Mama na magoti yake, na mimi nina habari inayoniwasha ulimi.

Unaujua ule mchezo wa ngome na mapanga ninaoucheza mtandaoni. Chama chetu kina vyeo, tena si vya mzaha! Juu yupo Mfalme, wanafuata majemadari, mashujaa, walinzi wa lango, na chini kabisa wabeba ngao. Wa chini ndiye anayeanza kusalimia, umri hauhesabiwi. Mimi ni jemadari. Baba alijiunga alipostaafu gereji, basi kila jioni ananiambia, "Salamu, Jemadari," huku kakunja uso. Mama hucheka mpaka anashika mbavu.

Juzi nikampa lango alinde. Kumbe nimechokoza nyuki! Mfalme kafika na farasi wake, Baba kamfungia.

"Mzee, mimi ndiye Mfalme!"

"Hata uwe nani. Anayekuja ndiye anayebisha hodi."

Nikajua tumeshafukuzwa, baba na binti. Lakini Mfalme alicheka, akasema mlinzi asiyemwogopa hata yeye anafaa kuwa shujaa. Baba kapanda cheo palepale! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikiliza. Kila shujaa lazima awe na mbeba ngao wa kumfundisha. Asipompata kufikia Jumamosi, anavuliwa cheo. Vijana hodari wamejipanga kumwomba, naye amewakataa wote. "Nafasi ina mwenyewe," anasema. Nilipombana, alivua miwani akaifuta weee.

"Ni kaka yako. Usimwambie."

Basi sijakwambia, nimeandika tu.

Najua hamjasemezana tangu ukatae kuirithi gereji yake, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Inaniuma, kaka. Lakini kwa sheria zetu mbeba ngao ndiye anayeanza, na hakuna atakayesema umeshindwa. Jiunge kabla ya Jumamosi, umpe salamu.

Tangu juzi hata hachezi. Anakaa tu mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni, na kila jina jipya likitokea anainama kulisoma.

Nibusie wifi na watoto, waambie shangazi yao amewakumbuka. Mama anakuombea. Mungu akutangulie katika kila jambo.

Dada yako akupendaye, kwa cheo na bila cheo.