Kiti Mezani pa Nyanya Odessa

Dada Rhoda mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Hapa Washington namtunza nyanya mmoja, Mmarekani mweusi, anayeitwa Odessa. Jumapili nilimpakulia kuku na sukuma ya kwao, ile wanayoichemsha na nyama ya moshi, halafu nikaenda kula jikoni, maana ni mkubwa wangu. Akaweka uma chini, akakataa kula.

“Wewe, njoo hapa! Tangu usichana wangu nimewapikia wazungu, nikila jikoni nimesimama kama farasi, kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kuketi nao. Kwangu hakuna kula umesimama!”

Dada, nilidhani nimefutwa kazi. Nikaketi. Akanishika mkono, akasema niombee chakula kwa lugha yetu. Nilishukuru kwa chakula na kwa kiti.

Ndipo nikamkumbuka Nekesa, mfanyakazi wako wa nyumbani, aliyetupikia miaka yote hiyo akila jikoni, nami sikuwahi kumwita. Tafadhali mwite mezani.

Mungu akuponye goti. Nijibu upesi, uniambie Nekesa aliketi kiti gani.

Mdogo wako,
Beatrice